Mjadala: Mbwa Mzee Ang'olewe Meno, au Aachwe?

Mbwa mdogo anayelala ndani, anayelishwa vizuri na kuchanjwa kila mwaka, kufika miaka 13 au 14 si ajabu. Lakini mwili unapofika huko, mara nyingi mdomo umetangulia kuchoka. Fizi zinavuja damu, pumzi inanuka, jino moja linacheza, na daktari wa mifugo anatamka neno ambalo hakuna aliyetaka kulisikia: nusukaputi. Hapo nyumba hugawanyika. Mmoja anasema tumtibu, mwingine anasema tumwache mzee apumzike, na wote wawili wanasema hivyo kwa kumpenda.

Nimeuweka mgogoro huo hapa kwa sauti za watu watatu, kwa sababu naumia ninapouona ukiamuliwa kwa sentensi moja tu: "Huyu keshazeeka." Bobi ni mbwa mweupe wa kilo 6, ana miaka 13, anaishi Arusha. Mama ni mwalimu mstaafu anayeshinda naye nyumbani. Binti yake ndiye atakayelipa. Daktari ni mwanamke aliyemsikia Bobi mvumo kwenye moyo, akamkuta pia na meno kadhaa ambayo fizi zimeyaachia. Wahusika hawa nimewatunga. Hoja zao zinasemwa kila siku kwenye mabenchi ya kliniki za wanyama.

Anakula, kwa hiyo hajambo?

MAMA: Mimi nasema aachwe. Kula anakula, kutembea anatembea, geti likigongwa usiku anabweka. Leo mnataka kumlaza mezani mzee wa namna hii kwa sababu mdomo unanuka? Ninakaa naye kutwa. Sijamsikia akilia hata mara moja.

BINTI: Mama, huko kutolia ndiko kunakonitia wasiwasi. Siku hizi anatafuna upande mmoja. Dagaa mkavu akimponyoka, hamfuati tena. Nikimshika shavu anageuza uso. Mpira hataki. Sisi tukasema ni uzee. Na waliotutangulia walisema dawa ya jino bovu ni kung'oa.

MAMA: Walisema watu wanaoweza kumwonyesha mganga jino linalowauma. Bobi hajasema ng'oeni. Tena tukikosea, atakayekufa ni yeye, si mimi wala wewe.

DAKTARI: Mama, umeligusa lile lililo gumu kuliko yote. Mgonjwa wangu hawezi kukubali wala kukataa, kwa hiyo sisi tunaomwamulia tunadaiwa uangalifu zaidi. Naomba kwanza nieleze nilichokiona, halafu mnibishie.

Mbwa aliyekomaa ana meno 42. Mbwa mdogo naye anayo 42, ila taya lake ni fupi na jembamba, kwa hiyo meno yamebanana na ukoga unajificha katikati. Ukoga laini usiposuguliwa huanza kuwa mgumu ndani ya siku chache. Lile ganda la kahawia mnaloliona si ugonjwa wenyewe. Ugonjwa uko chini ya ufizi: bakteria wanajikusanya pale, mwili unapigana nao, na katika vita hiyo mfupa unaoshika jino unalika kidogo kidogo. Zaidi ya nusu ya kinachoshika jino ikishapotea, kwa kawaida hakuna njia nyingine iliyobaki ila kulitoa.

BINTI: Na Bobi amefika huko?

DAKTARI: Kwa baadhi ya meno, ndiyo. Chonge yake ya juu, upande wa kulia, inacheza. Mzizi wa chonge umetenganishwa na pua kwa ukuta mwembamba sana wa mfupa. Ukuta ukitoboka, mdomo na pua vinakuwa kitu kimoja, chakula na mate vinapenya. Zile chafya zake, na kamasi linalotoka tundu moja, naogopa ndipo zinapotoka. Kuna pia magego ya chini. Katika mbwa mdogo mzizi wa gego kubwa unashuka karibu mpaka ukingo wa chini wa taya. Mfupa ukilika pale, kinachobaki ni kidogo mno. Taya huweza kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi.

MAMA: Kama hali ni hiyo, mbona sahani anaimaliza?

DAKTARI: Kwa sababu njaa ina nguvu kuliko maumivu. Mbwa haachi kula, hubadilisha namna ya kula. Anameza bila kutafuna, anahamia upande mzima, anachagua kilaini. Akifika pa kugoma chakula, ujue ameteseka muda mrefu.

MAMA: Sisi tulikua na mbwa. Walitafuna mifupa, meno yao yalikuwa meupe, na hakuna aliyewapeleka kwa daktari wa meno.

DAKTARI: Mifupa ilikwangua ganda la nje, mama, hilo kweli. Ila mfupa mgumu pia hupasua gego, na gego kubwa la juu likipasuka huota jipu linalojitokeza chini ya jicho. Na wale mbwa wa zamani, wangapi walifika miaka 13? Wengi walikwenda na kichaa cha mbwa, gari au kupe kabla ya kuzeeka. Bobi amefika kwa sababu ya matunzo yenu.

Hatari ya usingizi

MAMA: Haya, tuseme anaumwa. Bado kuna hiyo nusukaputi. Jirani yangu alipeleka mbwa kwa miguu yake, akarudishiwa amefungwa kwenye shuka. Hilo unalijibuje?

DAKTARI: Silijibu kwa kusema halitokei. Linatokea. Uingereza walifuatilia mbwa zaidi ya 98,000 waliolazwa kwa dawa kati ya 2002 na 2004. Waliokufa kwa sababu zinazohusiana na usingizi huo, ndani ya saa 48, walikuwa kama 1 kati ya 600. Lakini wastani huo unaficha makundi mawili. Kwa mbwa wazima au wenye ugonjwa mdogo ilikuwa kama 1 kati ya 1,800. Kwa wagonjwa hasa ilikuwa 1 kati ya 75.

MAMA: Na Bobi yuko kundi gani?

DAKTARI: Leo siwezi kukuambia, na daktari atakayekuambia kwa kumtazama tu usimwamini. Utafiti ule ule ulionyesha kwamba uzee na umbo dogo sana huongeza hatari. Bobi ni mzee, na kwa umbo hayuko mbali na hao wadogo sana. Ana mvumo wa moyo pia. Tena takwimu hizo ni za Uingereza, sitazivisha nguo za Arusha. Ninachoweza ni kumpima ili tujue tunamlaza mbwa wa aina gani.

BINTI: Kumpima nini hasa?

DAKTARI: Moyo kwanza. Mbwa wadogo wakizeeka, mara nyingi kilango cha upande wa kushoto wa moyo hunenepa na kuvujisha damu kurudi nyuma, na ndiyo sauti niliyoisikia. Mvumo peke yake haumzuii mbwa kulazwa. Swali ni kama moyo umetanuka. Picha ya kifua itatuonyesha, na tukipata kipimo cha mawimbi ya sauti ni bora zaidi. Ukiwa umetanuka, tunaanza dawa ya moyo kama pimobendani na kumpa muda. Mapafu yakiwa na maji, meno yanasubiri.

Halafu damu: figo, ini, sukari, na wingi wa damu. Hapa kwetu naongeza jambo moja ambalo siliachi hata kwa mbwa anayeonekana mzima: chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Kupe wa kahawia wa mbwa hubeba kijidudu kiitwacho Ehrlichia canis, na ugonjwa wake huweza kukaa kimya mwilini huku ukizipunguza chembe hizo. Mbwa wa hivyo ukimng'oa jino bila kujua, atavuja damu na utatafuta pa kuizibia.

MAMA: Kwa hiyo vipimo vyako vinaweza kusema asilazwe?

DAKTARI: Vinaweza, na vikisema hivyo nitatii.

MAMA: Na vikisema alazwe, siku yenyewe inakuwaje? Nieleze kama unavyomweleza mwanafunzi. Nimefundisha miaka mingi, natambua anayejua na anayekisia.

DAKTARI: Anawekewa njia ya dripu kabla ya dawa yoyote. Akilala, anaingizwa bomba la kupumulia lenye puto dogo linaloziba koo, ili maji na damu visiingie mapafuni. Anawekwa kwenye joto muda wote, maana mbwa wa kilo 6 mwenye mdomo uliolowa hupoa haraka, na baridi hiyo huchelewesha kuamka. Taya linapigwa ganzi kwenye mshipa wa fahamu. Jino lisipotuma maumivu, dawa ya usingizi inayohitajika ni kidogo, na hilo kwa moyo wake ni jambo kubwa. Na awepo mtu ambaye kazi yake ni moja tu, kutazama pumzi, mapigo, shinikizo la damu na oksijeni. Anayeng'oa jino asiwe ndiye anayehesabu mapigo.

BINTI: Na akishaamka hatari imekwisha?

DAKTARI: Hapana, na hapo ndipo wengi hujisahau. Katika utafiti ule karibu nusu ya mbwa waliokufa walikufa baada ya upasuaji kumalizika, na wengi wa hao katika saa 3 za mwanzo. Watu wakishavua glavu hufikiri kazi imekwisha, mbwa anarudishwa kwenye kizimba, mlango unafungwa.

MAMA: Kwako nani hukaa naye saa hizo?

DAKTARI: Msaidizi wangu, na haondoki mpaka joto limerudi na mbwa anakaa mwenyewe bila kuyumba. Siku asipokuwepo tunaahirisha. Swali hilo, mama, muulize kila daktari. Atakayekasirika amekujibu.

Njia za katikati

BINTI: Nimeambiwa kuna wanaokwangua meno mbwa akiwa macho. Ni bei nafuu na hakuna usingizi.

DAKTARI: Wanakwangua sehemu inayoonekana. Jino linakuwa jeupe, ugonjwa unabaki chini ya ufizi, na mwenye mbwa anarudi nyumbani akiamini ametibiwa. Chama cha Dunia cha Madaktari wa Wanyama Wadogo, WSAVA, kinakataa jambo hilo katika mwongozo wake wa meno. Mbwa anashikwa kwa nguvu na kukwaruzwa fizi zinazouma, halafu hapati tiba.

MAMA: Na vidonge? Mara ya mwisho ulimpa antibiotiki, harufu ikapungua, akachangamka.

DAKTARI: Kwa wiki ngapi?

MAMA: Mbili. Labda tatu.

DAKTARI: Ndivyo ilivyo. Antibiotiki inapunguza bakteria waliopo. Mfuko wa usaha, mzizi uliolegea na mfupa uliokufa vinabaki, kwa hiyo bakteria wanarudi. Ukirudia kila mwezi unawafundisha kuishi na dawa, na siku akipata maambukizi ya kutisha, dawa hiyo itakuwa imechoka.

BINTI: Basi kuna namna ya kupunguza ukubwa wa kazi yenyewe?

DAKTARI: Ipo. Tunaanza na yanayouma zaidi na yanayotishia taya na pua, tunaacha yale yanayoweza kusubiri. Muda mezani unakuwa mfupi. Mbwa mzee ni heri alazwe mara mbili kwa muda mfupi kuliko mara moja kwa saa nyingi. Picha ya eksirei ya jino husaidia sana kuamua, kwa sababu mzizi hauonekani kwa macho. Kliniki isiyo nayo iseme, na kwa kesi ngumu ielekeze mbwa kwenye hospitali kubwa za wanyama, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro.

MAMA: Atakula nini bila meno?

DAKTARI: Ugali laini uliolowekwa supu, samaki aliyetolewa miiba, nyama ya kusaga. Kama wiki mbili za mwanzo kila kitu kiwe laini ili nyuzi zishike. Mbwa hatafuni kama sisi. Meno yake ni ya kukamata na kukata, na akikatiwa chakula na mtu hayahitaji sana. Wapo wasio na jino hata moja na bado ni wanene. Jino linalouma ndilo linalozuia kula, kuliko pengo.

Fedha

MAMA: Sasa niseme ambalo nyote mnalikwepa. Hizo fedha. Mjukuu wangu ana ada ya muhula. Mtu akisikia tumelipa vipimo vya moyo vya mbwa atatucheka, na sitamlaumu.

BINTI: Sikubali tucheke wenyewe kabla ya watu. Bobi alikesha na baba alipokuwa mgonjwa, akilala chini ya kitanda chake mpaka mwisho. Lakini kweli, mama, ada haitaguswa. Ikibidi tuchague, mtoto anasoma kwanza.

DAKTARI: Na hakuna atakayewahukumu. Mwenye mbwa asiyeweza kulipia upasuaji hajakosa upendo. Ila asifikiri kwamba amebaki bila wajibu. Maumivu yana dawa, na dawa ya maumivu ni nafuu kuliko upasuaji. Nitaichagua mimi baada ya kuangalia figo. Msimpe ibuprofeni, diklofenaki wala paracetamoli ya nyumbani. Dawa hizo zinazotutuliza sisi zinaweza kumtoboa tumbo, kumharibu figo au ini. Dawa ya meno ya binadamu pia isitumike, kwa sababu yeye huimeza yote.

MAMA: Na wale ambao wewe mwenyewe ungesema wasilazwe ni nani?

DAKTARI: Mbwa ambaye moyo wake umeshindwa na dawa haijautuliza. Mbwa ambaye figo zimechakaa sana. Mbwa mwenye saratani iliyoenea, ambaye muda uliobaki ni mfupi kuliko wa kupona fizi. Kwa hao nasema chakula laini, dawa ya maumivu ya kila siku, jeli ya kloreksidini kwenye fizi akiivumilia, na kukutana mara kwa mara. Siku maumivu yakishinda dawa, tunazungumza kuhusu kumpumzisha kwa heshima. Hiyo nayo ni tiba.

MAMA: Basi sikilizeni. Vipimo nakubali. Kisu bado sijakubali. Majibu yakija nikae nanyi, nisomewe moja moja. Moyo ukiwa mbaya, aachwe na apewe dawa. Ukiwa unastahimili, yatoke yaliyooza tu, na saa zile tatu baada ya kuamka nitakaa naye mimi pamoja na huyo msaidizi wako.

DAKTARI: Kiti nitakiweka mwenyewe, mama.

Ninaposimama

Masharti ya mama ndiyo msimamo wangu. Sisemi kila mbwa mzee ang'olewe meno. Nasema idadi ya miaka peke yake haina haki ya kuamua. Kinachoamua ni moyo, figo, damu, mfupa wa taya, na uwezo wa kliniki itakayomlaza. Mbwa wa miaka 13 mwenye moyo uliopimwa, akiwa mikononi mwa timu makini, anaweza kuwa salama kuliko wa miaka 6 aliyelazwa bila kipimo cha damu na kuachwa peke yake kizimbani.

Linalonisumbua zaidi katika mijadala ya namna hii ni jinsi tunavyohesabu hatari kwa upande mmoja. Hatari ya nusukaputi ina tarehe, ina saa, ina karatasi ya kutia saini, kwa hiyo inatutisha. Hatari ya kumwacha haina tarehe. Imegawanywa katika milo mia, kila mlo na uchungu wake, na hakuna anayetia saini popote. Kwa hiyo tunaiita usalama. Lakini kumwacha nako ni uamuzi tuliomfanyia, na gharama yake analipa yeye peke yake, kimya kimya, kwa tabia ambazo tumezoea kuziita uzee.

Mama ana haki ya kuogopa, na hofu yake ilileta maswali bora kuliko yote: yuko kundi gani, nani atamtazama akiwa amelala, nani atakaa naye akiamka. Hofu inayouliza hivyo inamlinda mbwa. Hofu inayokataa hata vipimo inamlinda mwenye mbwa tu, asisikie habari mbaya.

Wenye mbwa wachanga, mjadala huu unaweza kuwapita. Mswaki laini na dawa ya meno ya mbwa, kila siku, aanze kuzoeshwa akiwa mdogo kabla fizi hazijaanza kuuma. Mpelekeni akaguliwe mdomo anapokwenda kuchanjwa. Mzuieni kupe mwaka mzima, kwa sababu damu atakayoihitaji uzeeni inaharibiwa ujanani.

Na kwa aliye na mzee nyumbani leo, mwenye pumzi inayonuka na shavu asilotaka liguswe: mpeleke wiki hii. Ukiamua ang'olewe, amua baada ya vipimo. Ukiamua aachwe, amua pia baada ya vipimo, na uwe na dawa ya maumivu aliyoandikiwa na daktari wake. Bila hayo mawili, hujamwacha mzee apumzike. Umemwacha aumwe.